Dar hadi Bagamoyo na kurudi kwa baiskeli, peke yako

Toka Mwenge saa 11 alfajiri, taa nyekundu ya nyuma ikiwaka. Ukichelewa, daladala za Tegeta zitakubana hadi mtaroni. Ukishapita Bunju magari yanapungua, na hapo adui anabaki upepo: Juni hadi Agosti kusi hukusukuma kwenda, halafu hukugomea kurudi. Basi usijisifu kwa mwendo wa asubuhi, ni wa kukopa. Kunywa kabla ya kiu; mimi hutia chumvi kidogo kwenye maji, na Kerege natafuta dafu. Beba tyubu mbili, pampu na spana. Mafundi wapo njiani, ila tyubu nyembamba za baiskeli za mbio mara nyingi hawana. Lori likipiga honi nyuma, shuka vumbini bila ubishi. Bagamoyo kula samaki, lakini ifikapo saa 5 uwe umeshageuza.