Kujifua takwimu za saikolojia kwa kalamu: wagonjwa kumi, dawa mbili

Kila msimu wa utafiti wa mwaka wa tatu ukifika, wanafunzi wa saikolojia huja na picha ya skrini ya SPSS (programu ya kompyuta ya takwimu), wameizungushia duara namba moja, wanauliza: "Hii ni nzuri au mbaya?" Programu wameiendesha vizuri tu. Tatizo ni kwamba hawajawahi kukokotoa jaribio lolote kwa mkono, kwa hiyo hawajui ile namba imetoka wapi, wala kitu gani kikibadilika itapanda au itashuka. Somo hili ni la kuuzoesha mkono. Tafuta karatasi na kikokotoo chenye kipeuo cha pili, hata cha simu kinatosha. SPSS iache ilale kwanza.

Data tutakazotumia ni chache, za kweli na kongwe. Mwaka 1905 watafiti Cushny na Peebles walichapisha matokeo ya dawa za usingizi walizowapa wagonjwa wa hospitali ya akili huko Kalamazoo, Michigan, Marekani. Mwaka 1908 William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alizitumia kuonyesha jaribio lake jipya, la kupima kama tofauti ya wastani ni kubwa kuliko inayoweza kuletwa na bahati tu. Mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, ndiyo maana makala ilitoka kwa jina la "Student", na jaribio la t likabaki na jina hilo. Jasho lote mnalotoka chumba cha mtihani chimbuko lake ni shayiri na bia.

Kila namba ni saa za usingizi ambazo mgonjwa aliongeza akilinganishwa na usiku asipokunywa dawa. Namba hasi maana yake alilala pungufu. Mpangilio ni mgonjwa wa 1 hadi wa 10:

Dawa A: 0.7, -1.6, -0.2, -1.2, -0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0, 2.0
Dawa B: 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, -0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6, 3.4

Hatua ya 1: Uliza data zilipatikanaje

Kabla ya hesabu yoyote, jibu swali hili: ni watu kumi waliotumia dawa zote mbili, au ni watu ishirini, kumi kila upande? Hapa ni kumi wale wale. Jozi hizo zisivunjwe. Andika chini kabisa kwa maneno yako, maana hatua ya 5 itakuonyesha gharama ya kulisahau.

Hatua ya 2: Tafuta tofauti, kisha zitazame

Toa A kwenye B kwa kila mgonjwa: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4.

Chora mstari wenye alama 0 hadi 5, weka nukta kwa kila tofauti. Nyingi zimejazana kati ya 0.8 na 1.8, na moja, ya mgonjwa wa 9, imekaa peke yake kule 4.6. Usiiguse bado. Hakuna tofauti hasi hata moja. Hilo peke yake tayari ni habari, na umelipata bila fomula.

Hatua ya 3: Wastani, mediani, mkengeuko sanifu

Jumla ya tofauti ni 15.8, wastani ni 1.58. Zipange kuanzia ndogo, chukua mbili za katikati, 1.3 na 1.3: mediani ni 1.3. Wastani umeizidi mediani kwa sababu ile 4.6 inauvuta.

Sasa kazi ya mkono yenyewe: mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani. Kutoka kila tofauti ondoa 1.58, jibu lizidishe kwa lenyewe. Ya kwanza: 1.2 - 1.58 = -0.38, ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.1444. Ya mgonjwa wa 9: 4.6 - 1.58 = 3.02, inakuwa 9.1204. Malizia nane zilizobaki mwenyewe. Jumla lazima ije 13.616, ikikataa, rudi uangalie alama za hasi, wengi huteleza hapo. Ona pia kwamba katika 13.616, mgonjwa mmoja amechangia zaidi ya 9. Mtu aliyewahi kuandika hesabu hii kwa kalamu hasahau tena kwamba mkengeuko sanifu unaogopa namba zilizojitenga.

Gawanya 13.616 kwa 9 (si 10, tutaona kwenye maswali), unapata 1.513. Kipeuo chake cha pili ni 1.23. Huo ndio mkengeuko sanifu.

Hatua ya 4: Kosa sanifu na t

Gawanya 1.23 kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani 3.162. Jibu ni 0.389. Hili ni kosa sanifu: linakueleza wastani ungeyumba kiasi gani kama ungerudia utafiti kwa wagonjwa wengine kumi. Sasa 1.58 gawanya kwa 0.389 = 4.06. Ndiyo t yako. Maana yake ni kwamba wastani uko mbali na sifuri kwa kiasi cha makosa sanifu manne.

Nenda kwenye jedwali la t, digrii za uhuru 9 (jozi kumi toa moja), kiwango cha 0.05 pande mbili (tofauti iwe chanya au hasi): kizingiti ni 2.262. Ya kwetu imepita. Programu itakupa p, yaani uwezekano wa kupata t kubwa hivi au zaidi kama dawa zingekuwa sawa, ya 0.003. Kisha zidisha 2.262 kwa 0.389, unapata 0.88; ongeza na upunguze kwenye 1.58. Kipindi cha kujiamini cha asilimia 95, yaani masafa tunayokadiria tofauti ya kweli imo, ni saa 0.70 hadi 2.46. Mimi hukitazama hiki kabla ya p, kwa kuwa kinazungumza kwa saa za usingizi, kitu ambacho mgonjwa na daktari wanakielewa.

Hatua ya 5: Haribu makusudi

Wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kwanza, jifanye hujui kuwa ni watu wale wale. Dawa A ina wastani 0.75 na mkengeuko sanifu 1.79, dawa B, 2.33 na 2.00. Tofauti ya wastani ni ile ile 1.58. Lakini kosa sanifu la makundi mawili yasiyohusiana ni kipeuo cha pili cha (1.79² + 2.00²) ÷ 10, kama 0.85, na t inaporomoka hadi 1.86. Jedwali kwa digrii 18 (namba ishirini toa mbili, moja kwa kila kundi) linadai 2.101. Matokeo yamepotea! Wagonjwa wanatofautiana sana wao kwa wao: wa 2 hapati nafuu kubwa kwa dawa yoyote, wa 7 analala sana kwa zote mbili. Ukivunja jozi, tofauti hizo zote unazibeba ndani ya kosa sanifu.

Pili, mwondoe mgonjwa wa 9. Kabla hujagusa kikokotoo, andika utabiri: t itapanda au itashuka? Karibu kila mtu husema itashuka, kwa sababu tumeondoa namba kubwa inayoisaidia dawa B. Kokotoa. Wastani unashuka kweli hadi 1.24, lakini mkengeuko sanifu unashuka zaidi, hadi 0.66, na t inapanda hadi 5.66. Hapo utaelewa kwamba t ni uwiano, na chini ya mstari kuna nguvu sawa na juu.

Hilo si ruhusa ya kufuta watu kwenye data zako. Tumemwondoa ili tujifunze. Kwenye ripoti anarudi.

Hatua ya 6: Andika sentensi

"Wagonjwa waliongeza usingizi zaidi kwa dawa B kuliko kwa dawa A, kwa wastani wa saa 1.58, kipindi cha kujiamini cha 95% [0.70, 2.46], t(9) = 4.06, p = .003." Basi. Anza na kilichotokea kwa watu, namba zifuate.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Dodoma: Mkuu shukrani. Hapo kwenye kugawanya kwa 9 badala ya 10, mwalimu wetu alisema "ndivyo ilivyo". Kwa nini?

Jumlisha zile tofauti kutoka kwenye wastani kabla ya kuzizidisha: jibu ni sifuri, siku zote. Kwa hiyo ukishajua tisa, ya kumi haina uhuru, imeshapangwa. Zaidi ya hapo, wastani tumeupata kwenye data hizo hizo, hivyo namba ziko karibu nao kuliko zilivyo karibu na wastani wa kweli wa watu wote. Kugawanya kwa 10 kungefanya mtawanyiko uonekane mdogo kuliko ulivyo.

Mwanachama, Eldoret: Kwa hivyo p ya 0.003 inamaanisha kuna uwezekano wa asilimia 0.3 tu kwamba dawa ziko sawa?

Hapana, na usiandike hivyo kwenye tasnifu. Inasema hivi: *kama* dawa zingekuwa sawa, t ya ukubwa huu au zaidi ingetokea mara 3 hivi kati ya 1,000. Inaanza kwa kudhani dawa ziko sawa; haiwezi tena kukupa uwezekano wa dhana hiyo.

Mwanachama, Mbeya: Natumia dodoso la kujithamini la Rosenberg. Wastani unakuja wa ajabu, wote wako katikati. Nimekosea wapi?

Nahisi hujageuza alama. Kipimo hicho cha 1965 kina maswali 10, matano kati yake yameandikwa kwa upande hasi. Kama majibu yako ni 1 hadi 4, kwa hayo matano toa jibu kutoka 5 ndipo ujumlishe. Usipogeuza, mtu anayejithamini sana na asiyejithamini wote huishia katikati.

Mwanachama, Zanzibar: Ahsante kwa somo. Je, programu gani ya bure, na nipate wapi data nyingine za mazoezi?

Jamovi na JASP ni za bure, na R pia. Ndani ya R data hizi za usingizi zimo tayari, andika tu *sleep*. Kwa mazoezi zaidi fanyeni darasani jaribio la Stroop la 1935: andikeni nyekundu, kijani, njano na nyeusi kwa wino wa rangi isiyolingana na neno, karatasi nyingine rangi ilingane, mpime sekunde za kutaja rangi ya wino. Kila mtu asome karatasi zote mbili, kwa hiyo ni jozi, na hatua ni zile zile za juu. Ila nusu yenu waanze na karatasi inayolingana na nusu nyingine waanze na ile nyingine, la sivyo hamtajua mmepima rangi au uchovu.