Gololi na kitambaa cha gobore: pima kasiba yako kwanza

Mpwa wangu yuko Marekani, Pennsylvania, na huko amejiunga na watu wanaolenga shabaha kwa magobore yenye mifuo, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Anajua nilistaafu nikiwa fundi wa silaha, kwa hiyo swali likanifikia hapa Bombo kwa WhatsApp: "Mjomba, bunduki imeandikwa 50. Ninunue gololi gani?" Gololi ndiyo risasi ya duara ya gobore. Kwetu Uganda silaha ni leseni kwanza, huiokoti tu dukani. Lakini hesabu ya kasiba, yaani mtutu, haina nchi, basi hii hapa.

Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina kitu ndani. Tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ugote, tia alama ulipoishia mdomoni, kisha uutoe na kuulaza juu ya kasiba kwa nje. Usipofika karibu na kitako cha kasiba, kuna mzigo ndani. Gobore la zamani likikutwa na baruti yake ya miaka hiyo si jambo la ajabu.

Sasa pima. 50 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ni kutoka tuta hadi tuta (matuta ni sehemu zilizoinuka kati ya mifuo), si kutoka mfuo hadi mfuo. Namba iliyogongwa kiwandani usiiamini sana. Tia vernia, kile kipimo cha kubana, mdomoni ujionee. Kisha chagua gololi iliyo ndogo kuliko kasiba kwa takribani robo milimita. Kwa 50, pakiti itakuwa imeandikwa .490, yaani kwa inchi, nayo ni milimita 12.45. Kwa 45 anza na .440, kwa 54 anza na .530. Iwe ya madini ya risasi laini yasiyochanganywa, ambayo ukucha unaiachia alama. Madini ya betri za magari sitaki hata kuyasikia: magumu, na kuyayeyusha ni kujitafutia sumu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, maana gololi yenyewe haishiki mifuo. Kinachoshika ni kitambaa kinachoizunguka. Tazama: gololi 12.45, kitambaa cha milimita 0.46 upande huu na 0.46 upande ule, jumla 13.37. Tundu ni 12.7. Kwa hiyo kitambaa kinabanwa vikali juu ya matuta na kujaa kwenye mifuo, gesi ikakosa pa kupenyea. Ukiweka kitambaa chembamba kama shuka kuukuu, moto unapita pembeni na gololi inakwenda inakotaka.

Juzi niliingia Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa Kampala, na vernia mfukoni kutafuta mfano wa kumwonyesha. Mwenye duka aliponiona nabana pindo la jora alidhani nimetumwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, akaanza kunitolea risiti. Nilipomweleza alicheka, akanikatia vipande. Kunja kitambaa kiwe tabaka nne, kibane mpaka kigome, gawanya kwa nne: unataka kati ya 0.38 na 0.46. Halafu chomoa nyuzi chache uziwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini. Poliesta hujikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu. Hiyo itayeyukia ndani ya kasiba. Vitenge vingi vizuri vya siku hizi vilifeli hapo hapo kwenye kaunta. Nguo iitwayo marekani, ile nzito ya pamba, ilipita. Ifue kwa maji ya moto kuondoa wanga, ikauke, ndipo uipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni. Grisi ya gari hapana: ikikutana na baruti nyeusi inaacha masizi kama lami. Samli yenye chumvi pia hapana, kutu itakula chuma.

Nilimwambia asinitumie kwanza picha ya shabaha, anitumie ya vitambaa. Baada ya kupiga, na uwanja ukishatangazwa salama, viokote hatua chache mbele ya mdomo. Kizuri kina duara jeusi katikati na kingo zilizochakaa kidogo, nguo yenyewe nzima. Kikitoboka kwa kuungua katikati, ni chembamba, kikavu, au baruti imezidi. Kikikatika kwa mistari inayofuata mifuo, kingo za matuta au za mdomo bado ni kali. Kasiba mpya huwa hivyo.

Gololi ikikataa kuingia bila nyundo, mimi hushusha gololi, .485 badala ya .490, na kitambaa nakiacha kilivyo nene.

Mzunguko wa mifuo nao utazame: mzunguko mmoja kwa inchi 48 mpaka 66 unaifaa gololi, wa inchi 28 ulitengenezwa kwa risasi ndefu, huko punguza baruti.

Ukubwa wowote utakaochagua, shindilia mpaka gololi ikae juu ya baruti bila nafasi, kisha chora alama kwenye mdeki ili kila mara ujue imefika. Nafasi ikibaki, kasiba inaweza kuvimba au kupasuka. Na baruti ni nyeusi tu. Ile ya risasi za kisasa isisogee hata karibu na gobore.