Jinsi ya kupima figo kila mwaka ukiwa na kisukari cha aina ya kwanza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mama ambaye binti yake anachoma insulini tangu darasa la pili, na ambaye kila kliniki alijibiwa kwamba mkojo wa mtoto hauna shida.

Hatua ya 1. Hesabu miaka. Kwa mtu mzima, kipimo huanza miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa, kisha hurudiwa kila mwaka.

Hatua ya 2. Pima HbA1c, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Wengi hulenga chini ya asilimia 7, kwa kuwa DCCT, utafiti mkubwa wa kisukari cha aina ya kwanza uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba waliokaribia kiwango hicho walipata madhara machache ya figo kuliko waliobaki karibu na 9. Mwenye selimundu asikitegemee kipimo hiki; daftari la glukomita, mashine ya kupimia sukari nyumbani, litamfaa zaidi.

Hatua ya 3. Pima mkojo, na hapa ndipo wengi hupotezwa. Kijiti cha kawaida cha kuchovya hubadilika rangi protini ikiwa tayari ni nyingi, hivyo figo zaweza kuwa zimeanza kuvujisha albumini, aina ya protini ya damu, kidogo kidogo huku kijiti kikionyesha kwamba hakuna kitu. Omba uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa mwilini), ambao maabara huuandika ACR. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Binafsi ningelipia ACR moja kwa mwaka kuliko vijiti kumi na viwili. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi, na uahirishe kipimo ikiwa una homa, maambukizi ya njia ya mkojo au hedhi, ikiwa sukari imepanda sana, au ikiwa umefanya mazoezi makali ndani ya saa 24 zilizopita, kwa sababu yote hayo huweza kupandisha albumini bila figo kuharibika. Jibu moja la juu halitoshi kukuita mgonjwa wa figo: rudia, na ihesabike kuwa juu ikiwa majibu mawili kati ya matatu ndani ya miezi 3 hadi 6 yako juu.

Hatua ya 4. Siku hiyohiyo pima kreatinini ya damu na shinikizo la damu.

Hatua ya 5. Albumini ikithibitika kuwa juu, mwulize daktari kuhusu dawa za kundi la enalapril, yaani dawa za shinikizo la damu ambazo pia hulinda figo na ambazo hazitumiki wakati wa ujauzito, na uache kujinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Figo zikidhoofika, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Sukari ikianza kushuka mara kwa mara kwa dozi ileile, usingoje tarehe ya kliniki.