Kiazi, chumvi na mizani

Wanafunzi wangu huwa nawapa kiazi kibichi kabla ya kuwatajia osmosisi, yaani maji kupenya utando kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Kimenye kwanza, maana ganda huzuia maji, kisha kata vipande vyembamba vya sentimita 5. Vikaushe kwa karatasi, upime uzito wa kila kimoja. Macho hudanganya, mizani haidanganyi sana.

Tumbukiza vingine kwenye maji matupu, vingine kwenye maji yaliyokolea chumvi. Subiri saa moja, vikaushe tena, pima, kisha vipinde.

Cha maji matupu kimeongezeka uzito na ukikipinda kinakatika. Maji yamepenya utando wa seli na kuusukuma ukuta kwa ndani. Ukuta huo wa selulosi ndio unaozuia seli isipasuke. Chembe nyekundu ya damu, isiyo na ukuta, ingepasuka. Cha chumvi kimelegea, kwa kuwa maji yametoka. Ukitaka kuona utando ukijibandua ukutani, weka chini ya hadubini ngozi ya kitunguu chekundu, kisha idondoshee maji ya chumvi. Kiazi hakina rangi, utakodoa macho bure.

Usichanganye ukakamavu huu na kunenepa kwa shina. Shina hunenepa kambiamu, tabaka jembamba la seli chini ya gome, inapogawa seli: zailemu, yaani mbao, kwa ndani, na floemu, yaani mirija ya kusafirisha chakula, kwa nje. Kulipima, zungushia uzi shinani palepale ulipotia alama, kila baada ya miezi kadhaa. Chagua mwembe au mparachichi. Mnazi na muhindi havina kambiamu.