Namna ya Kupata Kordi Safi za Gitaa kwa Anayeanza

Kordi ni safi pale ambapo kila uzi uliokusudiwa kulia unasikika waziwazi, bila kukwaruza na bila kuzibwa na kidole cha jirani. Vijana wengi wa Arusha na Moshi hujifunzia gitaa kwenye kwaya, kwa kutazama vidole vya mpigaji aliyewatangulia, na jambo ambalo macho hayawezi kuwaonyesha ni kiasi cha nguvu anachotumia. Kwa hiyo wakipokezwa gitaa hilo huibana shingo yake mpaka mishipa ya mkono inawatoka, na kordi bado inagoma. Usafi wa kordi hutegemea zaidi mahali kidole kinapokaa kuliko nguvu ya kubonyeza, na anayelielewa hilo mapema hujiepushia maumivu mengi.

Hata hivyo, kabla ya kuvilaumu vidole, lichunguze gitaa lenyewe, hasa kama ni la kuazima au umelinunua likiwa limeshatumika. Simamisha rula kwenye freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili ukihesabu kutoka kichwani mwa gitaa, upime nafasi iliyopo kati ya chuma hicho na uzi mnene wa sita. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 ni kipimo cha kawaida, na la nyuzi za nailoni hufika milimita 4 bila tatizo. Ukikuta milimita 5 kwenye gitaa la nyuzi za chuma, hata mpigaji mzoefu angetaabika nalo. Iwapo shingo haijapinda, dawa ni kukipunguza kwa msasa, kwa upande wake wa chini, kile kipande cha plastiki au mfupa kinachobeba nyuzi kwenye daraja, yaani kibao kilichobandikwa tumboni mwa gitaa ambako nyuzi hufungwa, kwa kukumbuka kwamba ukiondoa milimita 1 hapo, nyuzi zitashuka nusu milimita tu kwenye freti ya 12. Kazi hiyo mpe mtu aliyewahi kuifanya. Seremala hodari wa vitanda si lazima awe hodari wa magitaa. Jambo jingine ambalo ningependa likome ni kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nailoni. Seti ya chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 na ya nailoni kama kilo 40, hivyo daraja huanza kubanduka na shingo kupinda, na likifikia hapo gitaa hilo halitatoa kordi safi kwa mtu yeyote.

Baada ya hapo, lityuni. Nyuzi sita, kuanzia ule mnene, ni E, A, D, G, B na E. Programu za simu zinatosha kabisa kwa kazi hii, lakini ni vizuri kuijua pia njia ya sikio: uzi wa sita ukibonyezwa kwenye freti ya 5 hutoa sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, na ni hivyo hivyo kwa kila uzi na unaoufuata, isipokuwa uzi wa tatu, ambao hubonyezwa kwenye freti ya 4 ili kuupata wa pili. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Arusha inapokolea, nyuzi za chuma hujikaza na sauti huweza kupanda kidogo; piga dakika chache lipate joto, kisha tyuni upya.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo ukiwa umenyooka, na gitaa lisilale mapajani kama sahani ili ulione vizuri, kwa sababu likilala vidole hulazimika kulala nalo. Kucha za mkono unaobonyeza ziwe fupi kabisa. Dole gumba likae nyuma ya shingo, karibu mkabala na kidole cha kati, ili vidole vingine vijikunje na kuangukia nyuzi kwa ncha.

Sasa chukua uzi mmoja tu, tuseme wa tatu, uweke kidole cha shahada katikati ya freti ya 4 na ya 5. Uguse bila kuubonyeza, huku mkono mwingine ukiendelea kuudonoa, kisha ongeza uzito kidogo kidogo: kwanza uzi utakuwa bubu, halafu utakwaruza, halafu ghafla utaachia sauti safi. Simama hapo hapo, kwa kuwa hicho ndicho kiasi cha nguvu kinachohitajika, na chochote cha ziada ni kujichosha. Ukishamaliza, sogeza kidole mpaka kikaribie kabisa chuma cha freti ya 5 bila kukikanyaga, urudie jaribio lile lile, na utaona nguvu inayotakiwa imepungua sana. Chuma ndicho kinachoukatiza uzi na kuamua sauti yake. Kidole kikikaa mbali nacho, uzi haukai imara juu ya chuma, nao hugongagonga na kukwaruza. Kubonyeza kupita kiasi nako kuna madhara, kwani uzi huvutwa na sauti yake kupanda, na ndiyo maana kuna kordi ambayo kila uzi unalia lakini masikio yanaikataa.

Kordi ya kwanza iwe E mdogo (E minor, au Em), kwa sababu inahitaji vidole viwili tu: cha kati kwenye uzi wa tano na cha pete kwenye uzi wa nne, vyote freti ya 2, yaani karibu na chuma cha pili, kwa upande wake wa kichwani. Ukiipata, nenda kwenye C, ambayo binafsi naiona kuwa mwalimu mkali na mzuri kuliko zote. Kidole cha pete hukaa uzi wa tano freti ya 3, cha kati uzi wa nne freti ya 2, cha shahada uzi wa pili freti ya 1, na nyuzi ya tatu na ya kwanza huachwa wazi. Kila kidole hapo kina jirani anayeweza kumziba. Cha pete kikilegea huugusa uzi wa nne, cha kati huuziba wa tatu, na cha shahada, kwa kuwa kimenyooshwa hadi mwisho wa shingo, huelekea kulala na kuufanya uzi wa kwanza kuwa bubu. Dawa si kubonyeza zaidi, maana nyama ya kidole ikibanwa hutanuka na kuziba zaidi. Kisogeze kiganja mbele kidogo, chini ya shingo, ili vifundo vya vidole viinuke. Ncha ya kidole cha pete iruhusu iuguse kidogo uzi wa sita, kwa sababu uzi huo haumo katika kordi hii na ni afadhali unyamaze.

Kila ukishika kordi, usiicharaze kwanza. Donoa uzi mmoja mmoja kutoka juu hadi chini, polepole, ukisikiliza ni upi unaokosekana. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walipiga Arusha wakiwa na Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Katika muziki wa dansi wa namna hiyo gitaa la ridhimu halicharazwi tu, bali kordi huvunjwavunjwa na nyuzi kudonolewa mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo uzi ulio bubu huacha pengo ambalo hata msikilizaji asiyejua muziki hulisikia. Ukiupata uzi wenye kasoro, acha vidole vilipo na utafute sababu: kama unakwaruza, mara nyingi kidole kiko mbali na chuma, kama umekufa kabisa, tazama kidole cha jirani. Kama unakwaruza hata ukiwa wazi, tatizo liko kwenye gitaa, wala usipoteze jioni nzima kuhangaika nalo.

Ncha za vidole zitauma mpaka ziote sugu, na hakuna njia ya mkato. Robo saa asubuhi na robo saa jioni kunafaa kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake, ambazo huishia kwenye malengelenge. Usipige mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo, kwa sababu ngozi iliyolowa ni laini na nyuzi za chuma huichana upesi.

Kuhama kutoka kordi moja kwenda nyingine ndiko usafi unakopotea tena, na hapa ni busara kuchagua kordi zinazoshirikiana vidole. Ukitoka C kwenda A mdogo, kidole cha shahada na cha kati havibanduki. Ni cha pete tu kinachoondoka uzi wa tano freti ya 3 na kutua uzi wa tatu freti ya 2. Kutoka A mdogo kwenda E, umbo la vidole halibadiliki, bali lote linapanda uzi mmoja kuelekea uzi mnene. Fanya mabadiliko hayo taratibu kiasi kwamba kila kordi inatua ikiwa safi, hata kama wimbo unakwenda mwendo wa konokono, kwani kasi huja yenyewe na uchafu uliozoeleka hautoki kirahisi. G na D zifuate baada ya hapo. Katika D, angalia kidole cha pete kisiuzibe uzi wa kwanza, na mkono wa kulia uanzie uzi wa nne. Ukiwa na G, C na D unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kwaya, na mwimbishaji akianza juu zaidi, kapo, yaani kibanio kinachofungwa shingoni kuzibana nyuzi zote, itakupandisha bila kubadilisha vidole, mradi nayo uibane karibu na chuma cha freti.

F iache mwishoni. Inataka kidole cha shahada kilale na kuzibonyeza nyuzi zote sita kwenye freti ya 1, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kuliko sehemu nyingine ya shingo kwa sababu ziko karibu na kichwa. Jifunze umbo hilo kwenye freti ya 5 kwanza, ukitumia ubavu wa kidole ulio upande wa dole gumba badala ya tumbo lake laini, kisha teremka freti moja baada ya nyingine. Nyuzi za tatu, nne na tano zinabonyezwa na vidole vingine, kwa hiyo kidole cha shahada kina kazi ya kweli kwenye uzi wa sita, wa pili na wa kwanza tu. Elekeza uzito huko. Kwa muda ambao F kamili haijakubali, tumia ile ndogo ya nyuzi nne, inayoanzia uzi wa nne, ambapo kidole cha shahada kinalalia nyuzi mbili za mwisho peke yake.