Cappella Palatina: nenda na darubini

Ukifika Palermo, kule Sicilia, usiingie Cappella Palatina, kanisa dogo la jumba la kifalme, bila darubini ndogo. Wengi huganda mbele ya mozaiki za dhahabu, wakapiga picha, wakatoka. Wewe simama katikati ya ukumbi uinue kichwa. Dari ni la mbao, limechongwa vidaka vidogo vidogo vinavyoning'inia kama sega la nyuki, na humo wamechorwa wapiga ala, wacheza sataranji, hata ngamia, pamoja na maneno ya Kiarabu ya kutakia heri. Mfalme Roger II, Mkristo wa ukoo wa Wanormani waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, ndiye aliyelijenga kanisa hili, likawekwa wakfu 1140! Funika mabega, ibada bado zipo. Ukitoka, pitia kanisa kuu la mji: nguzo moja ya baraza la kusini imechongwa aya ya Kurani.