Askari wako akipigwa risasi kazini: makaratasi ya kufuata kabla watu wasahau

Wacha niandike hii kwa sababu kila mara askari polisi akiuawa kazini huku kwetu, iwe Nakuru, Kisumu, Kakamega ama huko juu Kapedo ambako wengi wa vijana wetu wa Vihiga na Busia wanapelekwa, watu wanajaa nyumbani, wakubwa wanakuja na magari, bendera inawekwa juu ya sanduku, risasi za heshima zinapigwa, alafu baada ya mazishi kila mtu anarudi kwake na mama anabaki na watoto hajui hata aanzie ofisi gani. Na haki yake ipo, iko kwa sheria, shida ni kwamba inafuata makaratasi, na makaratasi yenyewe yanaanza siku ileile risasi imelia, si baada ya matanga.

Kitu cha kwanza kabisa, chagueni mtu mmoja kwa familia wa kushika faili. Si lazima awe mjane, kwa kweli wiki hizo za kwanza mjane mwacheni apumzike, awe shemeji ama dada ama mwalimu fulani wa ukoo mwenye kuandika vizuri na asiyeogopa kuuliza. Huyo anunue faili, na kila karatasi inayoingia apige kopi kadhaa na picha kwa simu. Kila ofisi akienda aandike tarehe, jina la aliyemhudumia na kile alichoambiwa. Usiwahi kupeana orijino bila kubaki na kopi yenye stempu ya kupokewa, hata kama anayeomba ni mtu mnajuana kanisani.

Tuanze na yule amepigwa lakini yuko hai, kwa sababu hao ndio husahaulika haraka zaidi. Akifikishwa Nakuru Level 5 ama pale Russia Kisumu, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ama akipewa rufaa aende Moi Eldoret, ulizeni mapema rekodi zake ziko kwa jina gani na namba gani, maana mtu akiletwa amezimia huandikwa tu mwanamume asiyejulikana na hiyo inakuja kusumbua baadaye. Chukueni ripoti ya kila hospitali aliyopitia, picha za eksirei, karatasi ya kuruhusiwa kutoka, risiti za dawa mlizonunua nje. Nguo alizovaa na risasi iliyotolewa mwilini ni ushahidi, msifue, msitupe, mwacheni mpelelezi wa DCI azichukue na aandike kwamba amezichukua. P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha, ijazwe pia, na fomu yenyewe ni ya bure, mtu akikuomba pesa ya fomu mwambie hivyo.

Sasa kuna kitu naomba mnisikize sana. Hakikisheni imeandikwa kwamba alikuwa kazini. Nenda kituo pale tukio lilitokea, si kituo cha nyumbani, uombe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Kama alikuwa analinda benki Nakuru mjini OB iko Nakuru, kama alikuwa kwa operesheni Baringo OB iko huko Baringo hata kama mmemzika Mumias. Uliza OCS, yaani mkuu wa kituo, kama taarifa iliyotumwa makao makuu inasema alikuwa zamu gani na ametumwa na nani kufanya nini. Kuna vitu vitatu vinathibitisha hilo kuliko maneno ya mtu yeyote: rosta ya zamu, rejista ya silaha inayoonyesha alichukua bunduki saa ngapi, na kama walikuwa kwa gari basi karatasi ya safari ya hiyo gari. Wenzake waliokuwa naye pia muulizeni mapema kama wako tayari kuandika statementi, kwa sababu askari wanahamishwa, leo yuko Kondele kesho yuko Mandera na utamtafuta mwaka mzima. Hasa hasa kama alipigwa akiwa njiani kwenda zamu ama akirudi, au alikuwa na nguo za raia, hapo ndipo mtu wa bima ataanza kusema hakuwa kazini. Sheria inasema mfanyakazi akiwa anabebwa na gari ya mwajiri kwenda ama kutoka kazini bado anahesabiwa yuko kazini, kwa hivyo kama alikuwa ndani ya Land Cruiser ya kituo hiyo ni hoja yenu.

Kama amefariki, upasuaji wa maiti ni lazima ufanyike. Najua wazee wengine hawapendi, najua kuna haraka ya kuzika na pesa ya mochari inapanda kila siku, lakini ukizika bila ripoti ya daktari inayosema kilichomuua ni risasi, kesi ya muuaji imelegea na malipo pia yamelegea. Familia inaruhusiwa kuwa na daktari wake ndani akiangalia, kama mnamjua mmoja mwambieni aende. Baada ya hapo kuna kibali cha kuzika, alafu cheti cha kifo ambacho siku hizi unaomba kupitia eCitizen, na ukishindwa Huduma Centre watakusaidia, Kisumu iko pale Wuor Otiende. Angalieni jina kwa cheti lifanane na lile la kitambulisho na la karatasi ya mshahara, herufi kwa herufi. Wekhesa na Wekesa kwa serikali ni watu wawili.

Sasa pesa yenyewe. Kuna ya WIBA, hiyo ni sheria ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, na inahusu wafanyakazi wa serikali pia isipokuwa jeshi. Polisi si jeshi. Akifa, hesabu ni mshahara wa miezi 96, na gharama ya mazishi ya kadiri inastahili kulipwa pia. Akibaki na ulemavu wa kudumu inachukuliwa hiyo miezi 96 inapigwa kwa asilimia ambayo daktari ameandika. Tuseme mshahara ni 45,000, mara 96 inakuja 4,320,000, daktari akisema ulemavu ni asilimia 30 inakuwa 1,296,000. Aliyepoteza macho yote mawili ama mikono yote miwili ama aliyepooza kabisa ni asilimia 100. Ndio maana ile asilimia ya daktari ni ya kuangaliwa sana, usimwache askari aende kupimwa peke yake akiwa bado anaumwa na anataka tu aende nyumbani.

Tarehe za kushika hapo ni hizi. Kifo kinafaa kuripotiwa kwa mwajiri na kwa mkurugenzi wa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya saa 24, na hata kama mkuu wa kituo amesema amesharipoti, nyinyi pia andikeni barua yenu mpeleke ofisi ya DOSH ya kaunti mpigiwe stempu. Claim yenyewe isipite miezi 12 tangu siku ya tukio ama ya kifo. Hii miezi 12 imekula watu wengi, mtu anangoja kesi ya kortini iishe kwanza, ama anangoja shemeji atoke Nairobi, na mwaka unaisha. Kesi ya muuaji na claim ya WIBA ni vitu viwili, moja haingoji nyingine. Ikishawasilishwa, mlipaji ana siku 90 kulipa. Na kama hamkubaliani na uamuzi wa mkurugenzi mna siku 60 kupinga kwa maandishi, alafu kutoka hapo ni korti ya ajira na leba. Wakili akiwaambia mtashtaki serikali moja kwa moja kwa korti ya kawaida mpate mamilioni zaidi, mjue WIBA yenyewe inazuia hiyo njia na Supreme Court ilikubaliana nayo Desemba 2019, mtapoteza muda tu.

Mbali na WIBA kuna bima ya maisha na kuna pensheni. Hapa inategemea aliajiriwa lini na alikuwa na miaka mingapi. Tangu Januari 2021 serikali ilianzisha skimu mpya ya pensheni ya kuchangia, PSSS, na askari aliyekuwa chini ya miaka 45 aliingizwa huko, yeye anakatwa na serikali inaongeza asilimia 15. Sheria ya hiyo skimu inataka kuwe na bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wa mwaka. Wale wa zamani wako kwa pensheni ya hazina, na huko kuna kipengele chake kwa familia ya aliyeuawa akitekeleza kazi, tofauti na yule aliyekufa kwa ugonjwa, ndio nikasema ile rekodi ya kwamba alikuwa kazini ishikwe kwa meno. Tafuteni karatasi zake za mshahara za miezi ya mwisho msome makato yote, moja moja. Mkiona PSSS, mkiona WCPS, ile pensheni ya wajane na watoto, mkiona sacco, mkiona bima ya kampuni fulani aliyojiandikisha mwenyewe bila kuambia mtu nyumbani, kila moja ya hizo ni mlango wa kubisha. Kwa sacco muulize vitu viwili, ni nani aliandikwa kupokea akiba yake, na kama mkopo wake ulikuwa na bima, maana mikopo mingi ya sacco ina bima na inafutwa mwanachama akifa, lakini wasipoletewa cheti cha kifo wataendelea kuhesabu ni deni.

Alafu kuna mambo ya urithi ambayo ndiyo huvunja familia. Nasema wazi, kama alikuwa na bibi wawili, mmoja Molo na mwingine Siaya, ama mtoto nje, kaeni chini mseme ukweli kabla ya kwenda kwa chifu. Barua ya chifu inataja warithi wote na ukificha mmoja atatokea tu siku tangazo likitoka kwa Gazeti la Serikali, pale kuna siku 30 za mtu kupinga, na faili itasimama miaka. Sheria yetu ya urithi inatambua wake wa ndoa ya kimila na inagawa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba. Na kama kuna watoto chini ya miaka 18, korti haitapatia mtu mmoja peke yake usimamizi, lazima muwe wawili au zaidi, kwa hivyo chagueni mapema wa pili ambaye mjane anamwamini. Korti ikishawapa barua za usimamizi wa mali, kwa kawaida kuthibitishwa kwa barua hizo huchukua miezi 6. Hamhitaji kwenda High Court kama mali si kubwa, hakimu mkuu anasikiliza mpaka milioni 20, na kama hamna wakili kabisa ulizeni ofisi ya Public Trustee. Kabla ya hapo mtu asitumie ATM ya marehemu wala asitoe pesa kwa M-Pesa yake, hata ya kununua chakula cha matanga, maana kugusa mali ya marehemu bila ruhusa ya korti ni kosa la jinai na ndugu mwenye kinyongo anaweza kukupeleka.

Nyumba ya line, ile ya polisi mnayoishi. Mtaambiwa mhame, na huenda mkaambiwa kwa sauti isiyo nzuri. Andikeni barua kwa mkuu wa kituo mwombe muda mpaka muhula wa watoto uishe, iwe na majina ya shule na madarasa yao, na mbaki na kopi. Barua inapewa uzito kuliko mjane kulia mlangoni, hiyo ndiyo hali ilivyo, na inaniuma kuiandika.

Kwa aliyepona lakini mwili haukurudi, msimwache anyamaze. Mtu amepigwa risasi, ameona mwenzake akianguka karibu naye, alafu anarudishwa zamu ya usiku na bunduki ileile. Mke ndiye wa kwanza kuona kwamba mume hapati usingizi, anaruka akisikia mlango, anakunywa kuliko zamani. Hiyo iandikwe pia na daktari, akili nayo ni jeraha la kazi. Kama amebaki na ulemavu ajiandikishe na baraza la watu wenye ulemavu apate kadi, akiwa nayo anaweza kuomba KRA asikatwe kodi kwa 150,000 za kwanza za mshahara kila mwezi.

Na kesi ya aliyepiga risasi pia ifuatwe. Askari wamekufa wengi, Baragoi Novemba 2012 waliuawa zaidi ya 40 kwa shambulio moja, na familia nyingi hazijawahi kuitwa mahali popote kuulizwa chochote. Sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kujua kesi imefika wapi na ya kusikizwa, hata kuandika korti ijue mauaji yamewafanya nini. Tafuteni jina la mpelelezi na la mwendesha mashtaka, muwe mnaenda siku za kutajwa kwa kesi hata kama hamtaongea. Faili ambayo watu wake wanaonekana kortini haipotei kirahisi.

Kutakuja watu wa kuharakisha, wanapiga simu wakisema wako makao makuu Nairobi, wanajua namba ya kazi ya marehemu, wanajua hata jina la mtoto, wanataka kitu kidogo ndio cheki itoke. Msitume hata shilingi. Pesa ikichelewa andika barua ya kuomba habari chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari, taja namba ya kazi, tarehe ya kifo, tarehe uliyopeleka claim, na uulize imefika meza gani na imekwamia nini. Wana siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, chukua ile kopi yenye stempu uende nayo kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala, wana ofisi Kisumu na hawalipishi kupokea malalamiko.